Miaka minne natangaza R&B ya zamani kwenye redio ya chuo huku Ohio: karibuni tuongee

SanturiNaSindano

Heshima kwenu wakuu.

Nimesoma humu muda mrefu bila kuanzisha uzi hata mmoja. Wiki iliyopita nilitaja kwenye uzi mwingine wa watu kwamba naendesha kipindi cha redio huku ughaibuni, na watu watatu wakanifuata faragha kuuliza: unapiga nini, unalipwa kiasi gani, umeingiaje. Nimeona nijibu hapa hadharani, maana jibu refu linahusu muziki wenyewe na watu walioupiga.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Nilikuja Ohio kusoma shahada ya pili na nikapata kazi hapahapa mjini, lakini redio ya chuo sijaiacha. Studio iko chini kabisa ya jengo la wanafunzi, chumba hakina dirisha, na ukifungua mlango unapokelewa na harufu ya maganda ya santuri yaliyokaa miaka hamsini. Redio za namna hii Marekani zimetengewa kipande chao cha FM, kuanzia 88 hadi 92. Hazifanyi biashara, na watangazaji wengi ni wa kujitolea. Kwa hiyo lile swali la pili limekwisha: silipwi.

Kipindi kinaruka kila Alhamisi saa tatu usiku mpaka saa tano. Kwa nyumbani hiyo ni Ijumaa saa kumi alfajiri, na huku wakirudisha saa nyuma wakati wa baridi inakuwa saa kumi na moja.

Ninachopiga ni R&B ya zamani. Wengi mkisikia R&B mnafikiria nyimbo za mapenzi za miaka ya tisini. Hii ni babu yake. Ni muziki wa watu weusi wa Marekani tangu vita kuu ya pili ilipokwisha hadi kwenye 1960 hivi: piano inagongwa kama mlango wa mdaiwa, midomo ya bata, yaani saksafoni, inalia, ngoma inakazia pigo la pili na la nne, na juu yake kuna mwimbaji aliyelelewa kwenye kwaya ya kanisa anaimba habari za pombe, kodi ya nyumba na mwanamke aliyeondoka. Jina lenyewe, rhythm and blues, liliwekwa na jarida la Billboard mwezi Juni 1949. Kabla ya hapo orodha ya santuri hizo ilibeba neno la mbari, "race". Yaani muziki ulitengwa kwa jina kama wapigaji wake walivyotengwa kwenye mabasi na migahawa. Aliyependekeza jina jipya alikuwa mwandishi wa jarida hilo, Jerry Wexler, ambaye miaka michache baadaye aliingia kampuni ya Atlantic kuutengeneza muziki huohuo.

Na Ohio si mahali pa kubahatisha. Kusini mwa jimbo, Cincinnati, Syd Nathan alianzisha King Records mwaka 1943. Jengo lao la Mtaa wa Brewster lilikuwa na kila kitu chini ya paa moja: wanarekodi, wanachapa santuri, wanachapisha karatasi za katikati, wanapakia. James Brown alirekodi santuri yake ya kwanza pale Februari 1956. Mwezi uliofuata Little Willie John akarekodi "Fever" palepale, mtayarishaji akiwa Henry Glover, mtu mweusi aliyeshika cheo ambacho kampuni chache za santuri zilimpa mtu mweusi wakati ule. Nilikwenda kuliona jengo. Nilisimama nje kama nusu saa hivi, basi tu.

Sasa niwaambie kilichonibadilisha, maana hiki ndicho nilichotaka kusema tangu mwanzo.

Mwezi wangu wa pili hewani nilipiga "The Fat Man". Ulipoisha nikasema, huyo ni Fats Domino, nikaingiza wimbo mwingine. Taa ya simu ikawaka. Simu yetu ya studio hailii, inawasha taa nyekundu ili isisikike kwenye maiki. Nikapokea. Alikuwa mama mtu mzima, sauti nzito, ya taratibu. Akaniuliza: "Na wale wengine, hawana majina?" Sikumwelewa. Akanieleza kuwa mjomba wake alipiga saksafoni miaka kumi na tano kwenye bendi za kusafiri, akapiga kwenye santuri kadhaa, akafa, na katika maisha yake yote yeye mpwa hajawahi kusikia redio ikitaja jina lake. Wala hakunigombeza. Aliaga akakata.

Usiku ule sikulala. Nikatafuta. "The Fat Man" ilirekodiwa Desemba 10, 1949, New Orleans, kwenye chumba cha nyuma cha duka la Cosimo Matassa, kona ya North Rampart na Dumaine. Ngoma ni Earl Palmer. Besi ni Frank Fields. Gitaa ni Ernest McLean. Midomo ya bata ni Herb Hardesty, Alvin Tyler, Clarence Hall na Joe Harris. Tarumbeta, na kiongozi wa kikosi kizima, ni Dave Bartholomew, aliyetunga wimbo pamoja na Fats mwenyewe. Karatasi ya katikati ya santuri haina hayo yote. Ina mwimbaji, watunzi, namba ya kampuni, basi.

Alhamisi iliyofuata niliupiga tena na nikawasoma wote, mmoja mmoja. Tangu hapo kila wimbo una kadi yake. Sasa nina kadi zaidi ya mia tisa kwenye masanduku ya viatu. Wimbo nisioweza kuupatia jina hata moja zaidi ya la mwimbaji, naupiga mwishoni na naomba msikilizaji anayejua apige simu. Wamepiga.

Ulizeni mnachotaka.

Mkwakwani74

Mwanangu wa Tanga, hongera sana. Umenirudisha barazani kwa marehemu baba. Tulikuwa na gramafoni ya kuvuta kwa mkono, ile yenye mbwa anasikiliza honi, na santuri nzito za 78, zile za mizunguko 78 kwa dakika. Mama alizifungia kwenye kanga zisivunjike.

Hilo la majina limenigusa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, hakwenda peke yake. Kila mtoto wa pwani anamjua Siti, lakini ukiuliza nani alipiga fidla, nani alipiga udi, watu wanatazamana. Majina ya Mbaruku na Subeti bin Ambari nayajua kwa sababu baba alikuwa akiyataja kila akibadilisha sindano. Sasa nimejua alikuwa anafanya nini.

Swali: hao wenye midomo ya bata, yupi unampenda?

SanturiNaSindano

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma maneno yako mara tatu.

Nampenda Lee Allen, wa studio za New Orleans hukohuko. Ukisikia saksafoni inayoingia katikati ya nyimbo alizorekodi Little Richard huko 1955 na 1956, ujue ni yeye au Alvin Tyler, na mara nyingi anayepiga peke yake ni Allen. Ana namna ya kuanza na noti moja, anaishikilia, anaikwaruza, halafu ndiyo anatembea. Kama mtu anayepiga hodi kwa nguvu kabla ya kuingia. Sekunde ishirini, amemaliza, na wimbo wote umebadilika.

fundi_mitambo

Mkuu, uzi mtamu. Mimi nafanya kazi ya mitambo kwenye redio moja ya Kanda ya Ziwa, nina maswali ya ufundi.

Moja, unapiga santuri zenyewe au unapiga faili? Mbili, za 78 unazipiga kwa sindano gani? Nimeona watu wanaweka sindano ya LP, zile santuri ndefu za baadaye, kwenye 78, inatoa sauti ya kukaanga samaki. Tatu, na hapa tunaweza kugombana: sioni faida ya kurusha santuri yenye mikwaruzo wakati nyimbo hizohizo zipo zimesafishwa vizuri. Msikilizaji anataka muziki, hataki vumbi.

SanturiNaSindano

Karibu fundi. Hapa umenifikisha nyumbani.

Za 45, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, napiga zenyewe. Tuna mashine mbili za santuri, na kati yake meza ya kuchanganyia sauti ambayo vitufe vyake viwili vimebanwa na gundi. Unaweka kile kipete cha plastiki katikati kwa ajili ya tundu kubwa, unashusha sindano, unazungusha sahani kwa kidole hadi noti ya kwanza isikike kwenye hedifoni, halafu unairudisha nyuma nusu mzunguko. Hiyo nusu ndiyo mashine inayotumia kushika kasi. Ukirudisha kidogo mno, wimbo unaanza kama mtu anayeamshwa usingizini. Ukirudisha sana, kuna ukimya, na ukimya hewani unaumiza.

Kuna santuri moja nimeipenda kwa sababu ya mikono. "Honky Tonk" ya Bill Doggett, King, 1956. Haina mwimbaji, ni kinanda, gitaa la Billy Butler na saksafoni ya Clifford Scott. Ni ndefu kuliko upande mmoja wa 45, kwa hiyo waliikata: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma, na saksafoni yenyewe iko huko nyuma. Ukiwa na nakala moja lazima uigeuze huku watu wanasubiri. Maktaba yetu ilikuwa na moja. Nikatafuta ya pili mwaka mzima, nikaipata kwenye sanduku la vitu vya kuuza nje ya nyumba ya mtu, dola 1. Sasa naweka moja kila mashine, upande wa kwanza kushoto, wa pili kulia, na gitaa linapofifia nasukuma kitufe. Nikiipatia vizuri, mapigo hayakatiki. Nimeipatia mara tatu.

Za 78 ni habari nyingine, na hapo nakubaliana nawe nusu. Sindano ni ile pana, karibu mara tatu ya ya LP, kwa sababu mfereji wenyewe ni mpana. Na kule kurudisha nyuma kunakula mwanzo wa wimbo, kwa hiyo sirushi 78 moja kwa moja. Naiosha kwa maji safi yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, kamwe si spiriti, maana spiriti inayeyusha lile gamba. Naipiga mara moja nyumbani, nainakili kwenye kompyuta, naihifadhi. Jambo la kuangalia, wewe utalielewa: kabla ya 1954 kila kampuni ilikuwa na namna yake ya kupunguza besi na kupandisha sauti za juu wakati wa kuchonga. Ukiipitisha kwenye kifaa cha leo bila kurekebisha, wengine wanatoka wembamba, wengine wanatoka kama wako ndani ya pipa.

Kuhusu mikwaruzo, hapo hatuelewani. Nakala nyingi zilizosafishwa zimesafishwa kupita kiasi. Wameondoa mkwaruzo na wameondoa pumzi ya mwimbaji na mlio wa fimbo kwenye sahani ya ngoma. Kabla ya kuchagua nasikiliza zote mbili. Mara nyingine nakala safi inashinda. Mara nyingi haishindi.

fundi_mitambo

Hapo kwenye pumzi nimekuelewa. Bado nasema mzee aliye kwenye gari na injini inanguruma hasikii hiyo pumzi, anasikia kaanga tu. Lakini nakuheshimu kwa kusikiliza zote mbili, wengi hawafanyi.

BintiLikoni

Salaam kaka. Miye ni wa Mombasa, niko huku Minnesota. Nimependa hilo la kutaja majina, lakini nitauliza wazi. Wewe ukimtaja mjomba wa yule mama hewani ni vizuri, lakini jina haliliwi. Je, ukipiga wimbo wa marehemu, watoto wake wanapata chochote? Ama redio inafaidi tu?

SanturiNaSindano

Waalaikum salaam dada. Swali lako ndilo kubwa kuliko yote kwenye uzi huu, na jibu lake litakukera.

Marekani, redio ya FM ikipiga wimbo, anayelipwa ni mtunzi, kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Aliyeimba halipwi. Aliyepiga ngoma halipwi. Mpaka leo. Kwa hiyo mwimbaji aliyeimba wimbo wa mtu mwingine, wimbo ukapigwa redioni kila siku kwa miaka sabini, kwa upande wa FM hajapata kitu.

Matangazo ya intaneti yana sheria tofauti. Huko kuna malipo yanayokusanywa na SoundExchange: nusu inakwenda kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wapigaji na waitikiaji. Lakini rekodi za kabla ya 1972 ziliachwa nje ya sheria ya shirikisho, na muziki wangu wote uko kabla ya 1972. Zikaingizwa mwaka 2018 tu. Fikiria wangapi walikuwa wamekwisha kufa.

Nikupe habari ya Ruth Brown, maana yeye ndiye picha iliyobandikwa juu ya meza yetu. Alizaliwa Portsmouth, Virginia, 1928. Akiwa njiani kwenda New York kuanza na Atlantic alipata ajali mbaya ya gari, akatia saini mkataba akiwa kitandani hospitali. Kuanzia 1950 aliuza santuri nyingi kiasi kwamba kampuni ile ikaitwa nyumba iliyojengwa na Ruth. Miaka ya sitini mambo yakakauka. Akafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akaendesha basi la shule, akilea wanawe. Alipouliza mapato yake, vitabu vya hesabu vilionyesha yeye ndiye anayedaiwa, kwa sababu gharama za studio na kila kitu zilikatwa kwake.

Hakunyamaza. Alimpata wakili, Howell Begle, aliyekuwa shabiki wake tangu utotoni, wakahangaika miaka hadi mbele ya Bunge la Marekani. Mwaka 1988 Atlantic ilikubali kufuta madeni hayo na kumlipa yeye na wenzake malipo ya miaka ya nyuma, na fedha za kampuni hiyo zikaanzisha wakfu wa kuwasaidia wasanii wa R&B wa zamani. Na yeye mwenyewe alikuja kuwa mtangazaji, akaendesha kipindi cha BluesStage kwenye redio ya umma.

Big Mama Thornton je? "Hound Dog" aliurekodi 1952, ukakaa kileleni mwa orodha ya R&B wiki saba mwaka 1953. Alisema mwenyewe alipata hundi moja ya dola 500, hakuona nyingine. Gitaa linalonguruma mle ndani ni la Pete Lewis.

Kwa hiyo umesema kweli, jina haliliwi. Lakini mwaka jana binti wa mpiga besi mmoja alisikia jina la baba yake kwenye kipindi, akapiga simu, nikamweleza juu ya ile asilimia 5 na namna ya kujiandikisha kama mrithi. Hakuwa anajua. Kama jina lisingetajwa, asingepiga.

BintiLikoni

Asante kwa kunijibu bila kupamba. Hilo la binti limenitosha. Naweka redio yako kwenye simu leo leo.

kijana_wa_mlimani

Mimi nitapinga kidogo. Kaka, majina saba baada ya kila wimbo si kipindi, hiyo ni hotuba. Mtangazaji akiongea sana naondoka. Muziki ujiseme wenyewe.

SanturiNaSindano

Pingamizi lako ni la haki, na nililipata mapema kutoka kwa meneja wa vipindi. Nilikuwa naongea dakika nne kwa mpigo.

Sasa nafanya hivi: nyimbo tatu mfululizo bila neno, kisha maiki kwa dakika moja na nusu hivi. Nyimbo za wakati ule ni fupi, dakika mbili na nusu au tatu kwa sababu santuri ya 78 ya inchi 10 haikubeba zaidi, kwa hiyo msikilizaji hasubiri sana kujua alichosikia. Siongei juu ya mwanzo wa wimbo wala mwisho wake. Hilo kwangu ni mwiko. Mpiga saksafoni aliyepewa sekunde kumi za mwisho asikanyagwe na sauti yangu.

Na majina hayasomwi kama daftari la mahudhurio. Nasema: ile ngoma uliyoisikia ikijibu piano ni ya Earl Palmer. Msikilizaji bado ana ile ngoma kichwani. Jina linapata mahali pa kukaa.

Wa kuigwa kwangu ni Nat D. Williams wa WDIA, Memphis. Alikuwa mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Mwaka 1948, redio hiyo iliyokuwa inamilikiwa na wazungu na inaelekea kufilisika, ilimpa kipindi, na mwaka uliofuata vipindi vyote vikawa vya watu weusi, kitu kisichokuwepo kabla. Asubuhi anafundisha, alasiri anatangaza. B.B. King na Rufus Thomas walikuwa watangazaji palepale. Kufikia 1954 mtambo wao ulikuwa wa wati 50,000. Mwalimu akitangaza muziki, lazima atafundisha kidogo.

Nyota_ya_Ziwa

Kaka shikamoo. Mimi ni msichana wa Bukoba, mwezi wa nane nakuja kuanza chuo huko Marekani, jimbo la Indiana. Nimetamani mno. Naanzia wapi? Na lafudhi yangu je, watanielewa?

SanturiNaSindano

Marahaba dada, na karibu jirani, Indiana ni hapo tu. Na umekuja kwenye jimbo lenye historia: Vee-Jay, kampuni ya santuri iliyomilikiwa na watu weusi, ilianzia Gary, Indiana, mwaka 1953, na mwanzilishi wake Vivian Carter alikuwa mtangazaji wa redio, mwanamke kama wewe, aliyeendesha duka la santuri na mumewe mtarajiwa James Bracken.

Wiki za mwanzo za muhula redio ya chuo huweka meza kwenye maonyesho ya vikundi vya wanafunzi. Andika jina. Utapitia mafunzo ya wiki kadhaa, utakaa na mtangazaji mzoefu, kisha watakupa saa ambayo hakuna anayeitaka, saa nane usiku, saa tisa. Ichukue. Mimi nilianza Jumanne saa nane usiku, msikilizaji mmoja niliyemjua alikuwa mlinzi wa maegesho.

Yapo mambo ya sheria, si mengi. Kila saa inapogota unataja herufi za kituo na mji wake. Wadhamini unawashukuru tu, husemi "nendeni mkanunue" wala hutaji bei. Maneno machafu ni baada ya saa nne usiku, na hata hapo uliza kwanza kituoni. Na kwa kuwa mnarushwa kwenye intaneti pia, ndani ya saa tatu hupigi zaidi ya nyimbo 4 za msanii mmoja, wala zaidi ya 3 mfululizo. Hilo lilinikuta Januari 12, siku ya kuzaliwa Ruth Brown. Nilikuwa nimepanga saa mbili zake tupu. Nikapiga nne, muda uliobaki nikajaza na wenzake wa Atlantic, LaVern Baker, Clyde McPhatter, na Ray Charles wa Novemba 1954, aliyerekodi "I Got a Woman" kwenye studio ya redio iliyokuwa mali ya chuo cha Georgia Tech, Atlanta. Kipindi kikawa bora kuliko nilichopanga.

Lafudhi: usiiguse. Usiku wangu wa kwanza nilijaribu kuongea kama wao, nikajikwaa kwenye jina la wimbo, nikashika kitufe kisicho chenyewe, redio ikanyamaza sekunde kumi na mbili. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Nilipofungua maiki tena sauti iliyotoka ni ya Tanga, na haijaondoka. Yule mama wa simu aliniambia baadaye kwamba ndiyo anayoitambua akiwa jikoni.

Nyota_ya_Ziwa

Asante kaka. Nimeandika yote kwenye daftari. Nikipata saa yangu nitarudi kwenye uzi huu kusema.

BintiLikoni

Yule mama bado apiga simu?

SanturiNaSindano

Anapiga, si kila wiki. Jina la mjomba wake nilikwisha lipata, kwenye santuri mbili za kampuni ndogo iliyokufa. Moja nimeipata. Nilipoipiga hakupiga simu usiku ule. Alipiga Alhamisi iliyofuata, akaomba niipige tena, safari hii akiwa amewaita wanawe.

Mkwakwani74

Mwanangu, Ijumaa nitaamka kabla ya adhana, mjukuu ameshaniwekea redio yenu kwenye simu. Unaanza na wimbo gani?

SanturiNaSindano

Mzee wangu, hapo nimefungwa mdomo. Sheria ileile ya intaneti inakataza kutangaza majina ya nyimbo kabla hazijapigwa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ya kwanza inatoka Cincinnati, nimeshaiosha, na kadi yake ina majina manane.

Mkwakwani74

Haya. Nimeweka kengele ya saa kumi kasorobo.